Kibao

Nimekikuta stoo, nyuma ya ramani iliyoliwa na mchwa:
kibao cha mvule, upana wa kiganja,
kamba ya katani bado nyeusi kwa jasho la shingo.
Maneno yamechomwa kwa msumari wa moto:
NIMESEMA KILUGHA.
Herufi ya mwisho imebanwa pembeni. Aliyechoma hakupima.

Mwalimu mwenzangu, kijana, anauliza hiki nini.
Namwambia, saa yetu.
Ilitembea shingo hadi shingo tangu kengele ya asubuhi,
na iliyemkuta saa nane na nusu
alilala juu ya dawati
akahesabu fimbo zake kwa Kiswahili sanifu.

Kukivua kulikuwa na njia moja:
umnase mwingine.

(Babu alijifunza kusoma kwa padri, kwa Kisukuma,
kitabu chembamba chenye harufu ya mafuta ya taa.
Baba alipofika mjini Mwanza alikuta kengele tatu:
ya watoto wa Kizungu,
ya watoto wa Kihindi, waliohesabu kwa Kigujarati,
na yetu, kipande cha reli na nondo ya kukigongea.
Kisha zikaja siku za kengele moja.
Hansa akaketi na Mashimba, wakagawana kifutio,
na Kiswahili kikawa mkeka, kila mtu akapata pa kukaa.
Silikatai hilo. Mkeka ule nimeukalia, nimeulalia.
Nasema tu, wapo waliokunjwa ndani yake.)

Igombe, mwaka wa ukame, darasa la tatu.
Kibao kilikuwa kwangu tangu mapumziko.
Nilijaribu vichekesho. Nilijaribu mjusi.
Wote walicheka kwa Kiswahili.
Zikabaki dakika kumi.
Siku ya bustani; mbele yangu Holo, peku,
Holo wa kunigawia michembe kila siku ya Mungu.
Niliachia jembe juu ya kidole chake gumba.

Mayu wane!

Maumivu hayangoji tafsiri.

Nikamvika. Hakusema kitu.
Alikiweka sawa kifuani, kama rozari.
Fimbo nne. Mwalimu Mtobesya alizihesabu mwenyewe,
na alipopotea hesabu
alinong'ona neno la Kikerewe.
Yeye hakuna aliyemvika.

Miaka mitano baadaye, sekondari,
kibao kingine, chekundu, maneno ya Kiingereza.
Nilikivaa kwa kusema "naomba chaki".
Kiswahili kile kile nilichokinunua kwa kidole cha Holo
sasa kilikuwa kosa.
Nikanyamaza muhula mzima. Kimya hakina kibao.

Kibao: ubao mdogo. Kibao: kofi.
Vijana wakisema kibao, wana maana ya tele.
Lugha hii haiishiwi mzaha.

Leo asubuhi nilichora ndoo ubaoni,
nikauliza ndani mna nini.
Maji! likajibu darasa.
Ng'wigulu, mgeni wa wiki moja,
akanichungulia kwanza kama mtu mlangoni pa watu,
akasema, minzi.
Shingo ikaniwasha.
Nikayaandika yote mawili. Mkaguzi akija tutaonana.

Jioni nimepita mwaloni, Kirumba.
Holo anauza dagaa kwa kisado.
Mwadila, mayu. Mwadila.
Tumesema bei, tumesema mvua, tumesema mjukuu wake
anayelipiwa ada nono ili aote kwa Kiingereza.
Lile jambo sijawahi kulitaja
kwa lugha yoyote kati ya zangu tatu.
Alivaa kandambili. Nimeutazama ukucha,
umeota upande, mgumu kama kwato.
Akanitazama nikiutazama.
Kisha akachota konzi mbili za nyongeza,
akazimwaga mkobani mwangu bila kuchungulia ndani,
juu ya kibao.